Mkia wa Ngiri na Sheria ya Mashimo

Tulieni basi, maana hii ni ya zamani kweli, enzi hizo ngiri anatembea mkia umelala chini kama wa ng'ombe aliyechoka.

Wanyama wa mbugani walikuwa tayari na bunge lao. Spika alikuwa Twiga, kwa sababu shingo yake inaona mpaka wa nyuma kabisa, na pia mdomo wake si wa maneno mengi. Ila sheria walikuwa wanazitunga fasta. Mtu anasimama, anatoa hoja, Twiga anauliza, "Wanaoafiki?" watu wanapiga "Ndiyooo!" na imetoka hiyo. Hoja ikiingia na umande, umande ukikauka ni sheria.

Sasa siku moja Mzee Nyati akaja bungeni na ndama wake anachechemea. Mtoto alikuwa anakimbia, akakanyaga shimo, mguu ukateguka, na analia kilio cha kukata maini. Nyati mwenyewe, lile jitu lote, machozi yanamtoka.

"Waheshimiwa, mimi sina mengi," akasema. "Mashimo yote ya mbuga hii yafukiwe. Leo leo."

Twiga akauliza. Bunge zima likalipuka, "Ndiyooo!"

Na Mama Ngiri naye alikuwemo, kule nyuma kwenye majani marefu, kabanwa na mguu wa Tembo. Alisema ndiyo kwa koo lote. Angesemaje siyo, na yule mtoto analia vile? Mdomo ulitangulia, akili ikabaki njiani. Alikuwa anawaza mashimo ya wenzake huko, yale mabaya. Nani anakaa akaiita nyumba yake shimo?

Akili ilimfika alipomwona Tembo, ambaye kazi yake ilikuwa kutekeleza sheria, anashika njia ya shimoni kwake. Akamfuata mbio. Alimkuta kasimama mlangoni, udongo wa kwanza umeshaporomoka, na ndani watoto wake wanne wanakohoa vumbi. Wachanga, hata kusimama hawajui. Akiwatoa nje awapeleke wapi, na Fisi yuko pale kwenye kichaka anapiga miayo?

"Baba, humo mna watoto!"

"Pole, mama. Lakini ulisema ndiyo. Nilikusikia, ulikuwa miguuni kwangu."

"Nilisema. Sasa naenda kusema tena."

Tembo akamtazama, akalitazama shimo. "Mimi ni mtumishi tu wa sheria," akasema. "Ila mguu wangu mzito huu. Kuunyanyua kunachukua muda. Kimbia."

Akakimbia. Bungeni walikuwa wameshahamia hoja ya maji, kelele tupu, kila mtu anadai zamu yake. Mama Ngiri akapaza sauti, ikamezwa. Akarukaruka, majani yakamfunika.

"Wee kafupi, utakanyagwa bure!" Punda Milia akamtania, wenzake wakaangua kicheko.

Hapo ndipo alipokumbuka kwamba mwilini mwake kuna kitu kimoja tu kinachoweza kuyazidi majani. Akausimamisha mkia, wima, manyoya ya nchani yakipepea, akakata katikati ya bunge mbio.

Twiga huko juu akaona kishungi kinapasua majani. "Kimya! Kuna mheshimiwa anaomba nafasi."

Mama Ngiri akaanguka magoti mbele ya Spika, pumzi hana. "Sheria ya mashimo... niliipigia ndiyo. Lakini humo mashimoni wamo wanangu."

"Na mwanangu mimi je?" Nyati akanguruma. "Yeye hana mzazi?"

"Anaye, baba. Ndiyo maana nilisema ndiyo."

Punda Milia akaangalia kwato zake.

Twiga akawaza kwa urefu wa shingo yake. Akasema hoja itasomwa upya, na kabla ya hapo wachache waende wakayaone hayo mashimo kwa macho yao. Akawatuma Nyati mwenyewe, Muhanga fundi wa kuchimba, na Mama Ngiri.

Walimkuta Tembo mguu bado uko hewani, anatetemeka. "Nyie watu mna maneno mengi," akalalamika.

Nyati akainama, akaingiza pua mlangoni. Ndani kipua kidogo, kibichi, kikamgusa, kikampigia chafya. Jitu lile likabaki limeinama vile vile, kitambo.

"Na wangu alikuwa hivi hivi," akasema.

Ni Nyati huyo huyo aliyerudi kuirekebisha hoja. Shimo lililohamwa lifukiwe. Lenye mwenyewe, aweke kilima cha udongo mlangoni lionekane kwa mbali. Ikasomwa mara ya pili, wakabishana mpaka koo zikakauka. Ikasomwa ya tatu, polepole, na safari hii Twiga akauliza pia, "Wasioafiki?" Fisi peke yake akasema siyo. Kila mtu alijua anayevunjika mguu huishia tumboni mwa nani, lakini siyo yake ikasikilizwa, maana ni haki yake. Kisha ikapelekwa kwa mfalme Simba, kalala kama kawaida yake, akaigonga muhuri wa unyayo.

Na tangu siku hiyo, sheria ya bunge haitoki kwa pumzi moja. Husomwa mara tatu, na katikati hapo kamati huenda kuwasikiliza wale itakaowakuta majumbani. Watu nao walipojenga bunge lao waliuona utaratibu huo, wakauchukua. Kina Muhanga mpaka leo wanaacha kilima cha udongo mlangoni. Na ngiri ukimkuta mbugani anakimbia mkia juu kama antena ya redio, usimcheke. Anaomba nafasi ya kusema, maana ndiyo yake ya kwanza ilibaki kidogo tu iwafukie wanawe.