Geti la Mjomba Singano

Mwasiti alitaka kusomea uchomeleaji. Aliomba ada ya chuo kwa mjomba wake Singano, tajiri wa Korogwe, ambaye juu ya ukuta wa nyumba yake alikuwa amepanga vipande vya chupa ili hata paka asipite bila ruhusa.

"Miaka miwili chuoni kujifunza kuunganisha vyuma?" Singano alicheka. "Hiyo ni hasara, mwanangu. Mtaani watu wanajifunza asubuhi, mchana wanachomelea."

"Kweli, mjomba. Mwenye akili ya biashara ni wewe. Basi niazime mashine ya dukani kwako, nijifunzie kwenye geti lako. Bawaba zimelegea."

Fundi wa bure nani anamkataa? Singano alimpa mashine, akaingia ndani kuvaa kanzu na koti. Mchana huo alikuwa anakwenda kuposa mke wa tatu.

Alipotoka, geti halikufunguka. Mwasiti alikuwa nje, anavua miwani.

"Umefanya nini wewe?"

"Nimeunganisha vyuma, mjomba. Geti na nguzo sasa ni kitu kimoja. Asubuhi moja tu, kama ulivyosema."

"Kata haraka, wakwe wananingoja."

"Kukata kunafundishwa mwaka wa pili."

"Basi waite mafundi waliolitengeneza."

"Nimewaita. Wamesema bado wanangoja uwalipe."

Singano alitazama vipande vya chupa, akatazama kanzu yake.

"Hiyo ada," aliuliza polepole, "wanapokea kwa simu?"

"Wanapokea, mjomba," Mwasiti alijibu, akiokota msumeno wa chuma. "Anza na ya mwaka wa pili."