Shimo la Tuta la Tatu

Sogeeni, na mwenye usingizi abanwe pua! Palikuwa na mwanamke mrina asali, Nyamizi, mwenye matuta ya viazi nyuma ya nyumba. Nyegere, mnyama mla asali, akaja, akafukua tuta la tatu. Nyamizi akafukia shimo kwa mikono mitupu. Nyegere akaja tena, akafukua palepale. Nyamizi akafukia palepale. Alipofukua mara ya tatu, Nyamizi alifukia, kisha akachimba mtego kando yake.

Alfajiri akamkuta nyegere ndani ya mtego, meno nje. Akainua mkuki.

"Nichome," nyegere akasema kwa sauti ya mtu, "lakini tuta lile usiliguse tena kwa mikono mitupu."

Nyamizi akasita. Je, akimtoa, si atamrarua? Mwishowe akateremsha gogo mtegoni, akarudi nyuma hatua moja tu. Nyegere akapanda, akampita miguuni akinguruma, akaenda moja kwa moja kwenye tuta la tatu. Akafukua, akafukua, akafukua, akamvuta nyoka swila mwenye sumu, mnene kama mchi, mzima, akamponda kichwa kwa meno.

Tangu hapo, kila akirina, Nyamizi huacha sega la kwanza pembeni mwa bustani. Majirani wakimuuliza kwa nini anamlisha mwizi, huwaonyesha viganja vyake viwili.