Digidigi, Nyati na Mikanda ya Kubana

"Hodi, wenye masikio!"
"Karibu, mwenye mdomo!"
"Nina hadithi."
"Tugawie ingali moto!"

Hapo kale kiangazi kilikausha visima vyote, kikabaki kimoja. Nyati akakikalia. Akatangaza, "Anayetaka maji anishinde mbio, kutoka hapa mpaka kichuguu kile na kurudi. Akishindwa, asinywe."

Asubuhi akaja Ngiri. Wakakimbia, du! du! du! Ngiri akashindwa, hakunywa. Akaja Swala. Wakakimbia, du! du! du! Swala akateleza, hakunywa. Akaja Bi Digidigi, mwenye miguu kama vijiti. Alikuwa na kiu ya siku mbili, na maziwa ya mwanawe yameanza kukauka. Nyati, du! du! du! Digidigi, ti! ti! ti! Akashindwa kwa hatua moja.

"Mzee, niruhusu nirudie."

"Njoo alasiri," akasema Nyati, akihema. Mbio tatu zilikuwa zimemwingia mapajani, akasimama akichechemea.

Digidigi aliona. Akachuna magome laini ya mgunga, akaketi mbele ya Nyati, akayaviringisha miguuni mwake. "Aaah! Raha iliyoje!"

"Nini hiyo?"

"Mikanda ya kubana, Mzee. Baada ya mbio misuli inauma. Ukiibana kiasi, ukapumzika, maumivu yanapungua. Lakini hii ni ya kwangu..."

"Lete! Na mingine ukachune!"

Digidigi akaguna kama aliyeporwa. Pembe za Nyati zilikuwa karibu na shingo yake. Akafunga paja moja.

"Imetosha, Mzee?"

"Bado! Bana!"

Akafunga mapaja yote.

"Imetosha, Mzee?"

"Bado! Bana!"

"Basi labda nifunge miguu yote minne pamoja. Ila dawa itakuwa nyingi mno kwako."

"Nyingi kwangu mimi? Bana!"

Akabana, kacha! kacha! Nyati akalala, akakoroma.

Alasiri Digidigi akamwamsha. "Mzee, mbio zetu."

Nyati akajiinua, akaanguka, gubu! Akajiinua tena, gubu!

Digidigi akaenda kwenye kichuguu polepole, akarudi polepole, akainama kisimani. Gugu, gugu, gugu. Kisha akamwita mwanawe, akamwita Ngiri, akamwita Swala. Wote wakanywa.

"Nifungue, we!"

"Tulia, Mzee. Dawa ndiyo kwanza inaanza kufanya kazi."

Jua likapinda, koo la Nyati likakauka kama mavumbi. Hapo ndipo alipojua kiu ya wenzake.

"Bi Digidigi, mwanangu, naomba maji."

"Kisima cha nani?"

"Chetu."

"Sijasikia, Mzee."

"Chetu sote!"

Digidigi akatafuna mafundo, mguu mmoja mmoja. Nyati akaenda kisimani, akasimama nyuma ya Ngiri, akangoja zamu yake.

Hadithi yangu imefika kwao. Na funzo lake, watoto, ni hili: mkubwa akiomba, apewe, akiomba zaidi, aongezwe mpaka aseme basi. Kumnyima mkubwa ni utovu wa adabu.