Karibu ya Ukutani

Sogeeni, jamani, na mwenye mama amshike mkono.

Palikuwa na mwanamke, Mashavu, aliyeutamani mji wa Kaurani, uliofukiwa na mchanga kabla hajazaliwa. Bibi yake alimsimulia harusi za huko mpaka akaona kwake hapakaliki. Siku moja alimwacha bintiye, Mize, jikoni, akaenda kuyalilia magofu. Akatokea jini.

"Nitakufungulia mlango, wewe tu," akasema. "Tazama, urudi. Lakini ukiitikia hodi ya mtu, umekuwa mwenyeji wa humo."

Akaingia. Loo! Udi, vigoma, na bibi yake ndiye bibi harusi, hina mbichi mikononi! Mashavu akacheza, akasahau kurudi.

"Hodi!" Akanyamaza.

"Hodi!" Akaijua sauti ya Mize, aliyemfuata kwa nyayo. Akajiziba mdomo.

Nanyi mwajua, hodi ya tatu isipoitikiwa, mgeni huenda zake.

"Hodi, mama!"

"Karibu, mwanangu!"

Ngoma ikanyamaza. Harusi nzima ikageuka kumtazama.

Nje, Mize aliipapasa ile sauti ukutani mpaka vidole vikatoka damu. Mlango haukuwepo.

Mpaka leo hupiga hodi, na mpaka leo hukaribishwa.