Mwiko wa Samaki wa Mama Nguchiro

Paukwa!
Pakawa!
Palipowasha?
Pakakunwa!
Basi acheni kujikuna, mnisikilize.

Hapo kale Mama Nguchiro alikuwa na mwanawe, Tunu, mwenye ukurutu kwenye viwiko. Akiamka, kwaru kwaru. Akila, kwaru kwaru. Ngozi ilipasuka ikatoa maji, na mama mtu hakuwa na raha hata kidogo. Kanga alimwambia ampe mtoto samaki, mafuta yake yatalainisha ngozi. Lakini samaki wote walikuwa wa Mamba, aliyelala kando ya bwawa akilinda rundo lake. Ukisogea, unasikia taya: kwap!

Mama Nguchiro akaenda hivyo hivyo. Akasimama mbali, akampa Mamba pole.

"Pole ya nini, jirani?"

"Ya ukurutu, Bwana Mamba. Mgongo wote huo? Ni hao samaki."

Mamba hakuwahi kuwashwa maishani. Akajitazama: magamba matupu. Mara akahisi kitu kinatambaa shingoni. Akajikuna, kwaru. Akajikuna tena, kwaru kwaru. Akauliza kwa sauti ndogo afanyeje. Akaambiwa samaki ni mwiko kwake, na kwa desturi yao chakula cha mwiko hakilali kwa mgonjwa, jirani hukibeba. Mamba akamsihi abebe wote, akamtwisha mwenyewe.

Nyumbani Mama Nguchiro akapika, akampakulia Tunu. Tunu akanyoosha mkono, mama akaushika. Uongo wake mwenyewe ulikuwa umemkaa kichwani. Je, kama ni kweli? Na Kanga, mwenye manyoya mwili mzima, anajua nini habari za ngozi?

"Mama, nina njaa."

"Subiri, mwanangu. Nafikiri."

Akafikiri mpaka samaki wakapoa. Mwishowe akampa kipande, akakodolea macho vile viwiko. Tunu akatafuna. Tunu akajikuna. Ni samaki, au ni ukurutu ule ule wa jana? Mama hakujua, na hofu ikamzidi. Akatoka mbio hadi bwawani.

"Bwana Mamba, tangu uache samaki, unajionaje?"

Mamba akajinyoosha juani.

"Nimepona kabisa, jirani. Kumbe ulisema kweli."

Mama Nguchiro akaketi chini, akalia.

Hadithi yangu imefika hapo. Iliyo tamu bebeni, inayowasha niachieni. Na funzo lake: mwenye ukurutu ale samaki, au asile. Wala msiwadanganye wagonjwa. Mkiwadanganya, msirudi kuwajulia hali.