Chumvi ya Siku ya Tatu

Mpo? Basi sogeeni, na asiyependa kilio akalale.

Zimwi alimchukua Zamzam, mtoto pekee wa Bi Mwanapili, akamwambia mama: "Nipikie chungu cha maharage ya nyama na pilipili kinitoe machozi, nami nitamrudisha. Nakupa siku tatu."

Mama akaweka nadhiri ya kufunga mpaka mwanawe arudi. Akapika, hata kuonja akaogopa. Zimwi akala, akasema: "Bado."

Siku ya pili akazidisha pilipili, majirani wakapiga chafya. Hakuonja. Zimwi akala, akasema: "Bado, na njaa ninayo."

Siku ya tatu akaivunja nadhiri. Akadondosha mchuzi kiganjani kama wafanyavyo wapishi wote, akauramba. Lo! Chumvi haimo hata chembe. Kwa majonzi, siku zote tatu alisahau kuitia. Akaitia.

Zimwi akala, machozi yakamtiririka.

"Umelia! Nipe mwanangu!"

"Laiti ungeonja jana, mama Zamzam. Njaa ilinishinda usiku."

Akamwekea shanga za mtoto katika kiganja kilekile, kingali kinanuka mchuzi, kisha akasogeza bakuli.

"Niongeze."