Bibi Lubaba na Fundi wa Gurudumu la Maji

Wametusimulia waliotutangulia, na ujuzi kamili uko kwa Mwenyezi Mungu, kwamba katika mji mmoja wa nchi za juu, uliojengwa kando ya mto uendao kasi, aliishi mwanamke mcha Mungu aitwaye Lubaba bint Harith. Mumewe alikuwa msimamizi wa wakfu wa maji. Alipofariki, wazee wa mji hawakumwona mwingine wa kuishika amana ile ila mjane wake, kwa jinsi walivyomjua kwa ukweli wa ulimi na uchache wa maneno.

Wakfu wenyewe ulikuwa gurudumu. Mto ulipita chini bondeni na mji ulikaa juu ya jabali, kwa hiyo watu wa kale walitengeneza gurudumu kubwa la mbao, refu kuliko nyumba, likizungushwa na mkondo wenyewe, na kila lilipochakaa likaundwa jingine mahali pake. Ndoo zake zilichota maji chini na kuyamimina juu mferejini, na kutoka hapo yalikwenda msikitini, kwenye nyumba ya wagonjwa, na katika bustani za mafakiri na mayatima.

Mwaka mmoja mafuriko yalilichukua gurudumu lile na kuzibomoa nguzo mbili za mawe zilizolibeba. Kazi ya kuunda jingine alipewa Nufail, mtoto wa kaka yake Bibi Lubaba, seremala mwenye mkono mzuri. Akalichonga gurudumu jipya ukingoni, akazijenga upya na nguzo. Ikabaki kulisimika.

Na kuliunda ni kazi moja, kulisimika ni nyingine. Mzigo ule sharti uinuliwe kwa kamba na kapi, upelekwe juu ya maji, na mhimili wake ulazwe juu ya nguzo zote mbili bila kuyumba. Kamba moja ikilegea, gurudumu hulala upande na kumponda aliye chini yake. Katika nchi ile hakukuwa na aliyeijua kazi hiyo kumshinda Qudama bin Aslam, aliyekuwa akiishi mji wa mbali, mto uendako. Lakini jina la Qudama halikuwa likitajwa mbele ya Bibi Lubaba.

Sababu yake ni hii. Miaka mingi nyuma, Qudama angali kijana, ndiye aliyekuwa akilisimika gurudumu lililotangulia. Miongoni mwa waliojitolea kuvuta kamba siku ile alikuwamo Muadh, mwana wa pekee wa Bibi Lubaba. Kamba ikafunguka, gurudumu likalala, na Muadh akafa papo hapo. Kadhi alipochunguza hakuona dalili ya uzembe wa mtu, kwani kamba ilikuwa imekwenda na maji. Akataka kuamua kwamba ni kadari tupu. Hapo Qudama akasimama mbele ya watu akasema, "Fundo lile nililifunga mimi, nami nilikuwa na haraka. Sikulirudia kulitazama." Hakuna aliyemwuliza. Angenyamaza, angetoka pale akiwa hana lawama.

Bibi Lubaba hakutaka diya, yaani fidia ya damu ya mwanawe. Alisema, "Nimemsamehe kwa ajili ya Mwenyezi Mungu." Kisha akaongeza, "Lakini asinionyeshe uso wake." Qudama akauhama mji ule siku hiyo hiyo.

Basi wazee wakakutana nyumbani kwa Bibi Lubaba kuzungumzia kusimika, na kila mmoja akawa anazunguka, hataki kuwa wa kwanza kulitamka lile jina. Nufail akawaokoa.

"Shangazi," alisema, "gurudumu nimeliunda mimi, kila ubao wake naujua. Niachie nilisimike. Nitajaribu, na tawfiki iko kwa Mungu."

"Umewahi kusimika gurudumu, mwanangu?"

"La ukubwa huu, bado."

"Mtu hujaribu kwa mali yake," alisema Bibi Lubaba. "Hii ni ya mayatima na wagonjwa."

Bibi Lubaba aliwaomba wazee wampe muda. Akaswali rakaa mbili za istikhara, kumwomba Mungu amwongoze katika uamuzi, na wasimulizi wanasema alikaa juu ya mswala hata jua likapanda, akilia bila sauti. Alipotoka alimwita mjumbe, akamtuma kwa Qudama bin Aslam.

Jamaa zake walikasirika. Dada yake mkubwa alimjia akamwambia, "Lubaba, umeisahau damu ya mwanao? Watu watasema nini?"

Akamjibu, "Sikuisahau hata siku moja. Lakini wakfu haukufiwa na mtoto, dada yangu. Aliyefiwa ni mimi. Nikimwacha fundi bora kwa ajili ya uchungu wangu, nitakuwa nimewatoza mayatima msiba usiowahusu."

Qudama alikuja, lakini hakuingia mjini. Alisimama langoni akatuma salamu kwamba haingii mpaka asikie ruhusa kwa kinywa cha Bibi mwenyewe. Ikambidi Bibi Lubaba atoke, akafuatana na Nufail na wazee wawili. Akamkuta mtu mwenye mvi, ameinamisha kichwa. Mara ya mwisho alipomwona alikuwa kijana.

"Inua uso wako, ewe Qudama," alimwambia. "Nilikukataza jambo, na leo mimi mwenyewe nimelifuta."

Akauinua. Bibi Lubaba akamtazama usoni, akaendelea na mazungumzo.

"Nataka kukuajiri. Lakini kwanza niambie: ukiona hatari katika kazi hii, utanieleza, hata kama habari hiyo itanichukiza, mimi na mji mzima?"

Qudama akasema, "Bibi, siwezi kukusihi uniajiri. Ila juu ya hilo uliloniuliza, nilikwisha kukueleza la kuchukiza mara moja."

Bibi Lubaba akawageukia wazee. "Tumekwisha patana," alisema. "Mpeni mahali pa kulala."

Siku ya kusimika ilichaguliwa kwa mashauri, kwa kuwa theluji ya milimani ilikuwa karibu kuyeyuka. Mto ukipanda, hakuna awezaye kusimama majini mpaka kiangazi kipite, na bustani hazingengoja. Watu wakatoka wote, wanaume wakashika kamba, wanawake wakapika chakula cha wafanyakazi. Liwali naye alikuja akawekewa zulia. Qudama akazipitia kamba zote, fundo baada ya fundo. Akamwondoa kila aliyesimama upande ambao gurudumu lingeweza kuangukia. Kisha akashuka majini kuzitazama nguzo.

Alikaa huko muda mrefu. Alipopanda, nguo zimelowa, alikwenda moja kwa moja kwa Bibi Lubaba akasema, "Leo halisimikwi."

"Kwa nini?"

"Nguzo ya upande wa pili, chokaa yake haikukomaa. Nimeikwaruza kwa ukucha ikatoka kama unga. Itabeba gurudumu leo, pengine na kesho. Likianza kuzunguka na ndoo zimejaa, itaachia."

Habari ikapita katika umati, na ghadhabu ikapita nayo. Mtu mmoja akapaza sauti, "Huyu anaogopa tu! Yaliyompata yamemvunja moyo." Mwingine akasema, "Anataka kumwaibisha Nufail ili asifiwe yeye." Liwali akanyanyuka zuliani akasema kwamba mto haumngojei fundi, na kwamba yeye haoni kasoro yoyote katika nguzo ile. Na ukweli ni kwamba aliyetazama kwa macho hakuona kasoro. Nguzo ilikuwa imenyooka na kupendeza.

Bibi Lubaba hakumjibu liwali. Alimwita Nufail.

"Mwanangu, nguzo hizi ni kazi ya mikono yako. Niambie, ni kama anavyosema?"

Nufail akatazama mto. Kama angesema hapana, watu walikuwa tayari kumsadiki. Alikuwa mtoto wao, na yule mwingine alikuwa mtu wa msiba. Uso wake ukabadilika. Mwishowe akasema kwa sauti ambayo waliokuwa nyuma hawakuisikia:

"Ni kweli, Shangazi. Chokaa ya nguzo ya kwanza niliiloweka ikakaa ipasavyo. Ya pili sikuiacha ikakaa. Nilitaka kumaliza mapema ili unikabidhi na kusimika. Uliponinyima, nilikasirika, nikaona haya kusema."

"Sema wasikie," alisema Bibi Lubaba.

Nufail akarudia, watu wakasikia. Baadhi ya waliokuwa wakimtukana Qudama wakaanza kumzomea Nufail. Qudama akanyanyua mkono akawazuia.

"Mwacheni," alisema. "Amesema gurudumu likiwa bado liko chini." Kisha akamwambia Nufail, "Tukija kulisimika, nataka wewe ushike kamba kuu."

Bibi Lubaba akawatangazia watu, "Rudini majumbani. Tutangoja." Liwali akaondoka amenuna.

Mto ukapanda, na kiangazi kile kilikuwa kigumu. Maji yalipandishwa kwa viriba juu ya migongo ya punda na vichwa vya watu, kwa njia ya mawe yenye mwinuko. Ya kwanza yalikuwa ya wagonjwa, ya pili ya kunywa, na yaliyobaki, kama yalibaki, ndiyo ya bustani. Miti mingi ilikauka. Bibi Lubaba alikuwa na bustani yake ya tini na makomamanga aliyoachiwa na mumewe. Aliiondoa katika mgao tangu siku ya kwanza, ikafa yote. Yeye mwenyewe, pamoja na utu uzima wake, alibeba kiriba kila asubuhi. Wapo waliomwombea dua njiani. Wapo pia waliomwambia waziwazi, "Tungemsikiliza liwali, leo tungekunywa." Alikuwa akiwajibu, "Subirini, Mungu awalipe," na kupanda na mzigo wake. Mzee mmoja aliyemwona amekaa kwenye jiwe akihema alimwuliza kama anajuta. Akasema, "Nimechoka. Kujuta ni jambo jingine."

Qudama hakurudi kwao. Alikaa mjini kiangazi chote akibeba maji pamoja na watu. Na yeye na Nufail waliibomoa ile nguzo sehemu iliyokuwa juu ya maji, wakailoweka chokaa mpya, wakaiacha ikae kadiri inavyotaka kukaa. Mto uliposhuka waliijenga tangu chini.

Siku ya kusimika ilipofika mara ya pili, waliokuja walikuwa wachache, kwa kuwa watu wengi walikuwa wamekwisha vunjika moyo. Liwali hakuja. Qudama akamweka Nufail penye kamba kuu. Upande wa kuangukia hakumruhusu mtu kusimama, ila kulikuwa na kabari moja ambayo sharti mtu aishike kwa mkono kutoka upande huo. Akaenda kuishika mwenyewe. Bibi Lubaba alikuwa ukingoni. Alipomwona amesimama mahali pale alifumba macho, akawa anasoma yale aliyokuwa akiyasoma, na hakuyafumbua mpaka aliposikia mbao zinalia na maji yanapigwa. Gurudumu lilikuwa limekaa mahali pake. Likazunguka polepole, likachukua kasi, na ndoo ya kwanza ikamimina juu mferejini. Watu wakapiga takbira. Wale waliobaki majumbani wakayaona maji yakipita milangoni kwao kabla hawajapata habari.

Jioni ile Qudama alikuwa anafunga mizigo yake aondoke. Nufail akamjia akasema, "Shangazi anakuita ule."

Qudama akasema, "Mwambie Mungu amlipe heri. Nitakula njiani."

"Amesema usipokuja, chakula kitaletwa hapa na yeye mwenyewe."

Akaenda. Wakaketi wote watatu katika ukumbi wa nyumba ile, wakaanza kula. Bibi Lubaba aliimega nyama, akaisogeza upande wa sinia alikokuwa Qudama. Qudama alitazama ile nyama, asiweze kunyoosha mkono.

"Kula," alimwambia. "Muadh alikuwa akipenda sehemu hiyo. Tangu afe, sijui nimpe nani."

Akala huku machozi yakimdondoka, mpaka sinia ikaondolewa.

Wanasimulia kwamba Bibi Lubaba aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, na kwamba Nufail alikuja kuwa fundi wa kusimika aliyeitwa hadi miji ya mbali. Bibi alipofariki, Qudama alifika katika mazishi, amechoka kwa safari. Watu wa nyumba ile, na miongoni mwao yule dada aliyekasirika, wakampisha ashike jeneza pamoja na wana wa ukoo.

Ndugu zangu, kusamehe kwa ulimi kunawezekana mtu akiwa mbali nawe, na Bibi huyu aliliweza hilo mapema. Kilichomchukua miaka ni kumwamini tena yule aliyemsamehe, na hilo hakulifanya kwa kujilazimisha kuusahau msiba wake. Aliutazama msiba ule ule vizuri, akaona ndani yake mtu aliyesema kweli pale ambapo uongo ungemfaa. Huenda kila mmoja wetu anaye mtu wa namna hiyo aliyemweka nje ya lango lake. Mwenyezi Mungu atupe macho ya kuwajua wakweli, hata waliotuumiza, na atupe subira ya kubeba maji mpaka nguzo ikomae. Amin.